Mkwe Amenyimwa Mbwa, Harusi Imesimama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaaibika Magwagwa yote, maana harusi ya binti yangu Bochaberi imesimama kwa sababu ya mbwa, na si kwamba mbwa amemuuma mtu. Mume wangu Ogoti alinunua jike la German Shepherd kwa Bijal, mwenye duka la mabati pale Keroka, akaambiwa mbwa wa ukoo safi hazalishwi kiholela, basi akayashika maneno hayo kuliko mahubiri ya Sabato, akampeleka mbwa Nairobi kupigwa picha ya mifupa ya nyonga ajue kama anafaa kuzaa, na mimi goti langu linauma tangu mwaka jana halijapigwa hata picha ya simu, bonasi ya majani chai tunayouza kiwandani ikaishia kwenye chanjo na dawa za minyoo, na jike lilipozaa, watoto wake wakalala sebuleni, wageni tukawa tunawapokea nje kwenye migomba, tena wananawa mikono kabla ya kusalimia. Nilivumilia nikijua watauzwa watoke, lakini kila mnunuzi anayekuja Ogoti anamhoji mpaka anaondoka amekasirika, hata mchungaji wetu alikataliwa kwa kuwa ua lake lina mwanya.

Sasa Mzee Nyasani wa Ogembo, baba ya Duncan anayemuoa Bochaberi, alikuja na wazee wake, mahari ikaelewana vizuri, tukala, na wakati wa kuaga akaomba mtoto mmoja wa mbwa. Ogoti, ambaye mchana kutwa hakuwa ameuliza swali hata moja kuhusu maisha ya Bochaberi huko aendako, akasema lazima kwanza aone boma. Akaenda kweli. Akauliza mbwa atalala wapi, mzee akamwambia, "Nje, kama mbwa." Akauliza akiugua nani atamlipa daktari, mzee akasema, "Daktari wa nani?" Ogoti akarudi nyumbani, akatuma ujumbe kwamba amekataa, na mzee akapiga simu nikiwa nimekaa karibu.

"Boma langu halimfai mbwa wako," akasema, "lakini binti yako linamfaa?"

Mume wangu akajibu kwa upole kabisa, "Bochaberi akiteswa anajua njia ya kurudi kwetu. Mbwa hajui."

Mzee akakata simu. Duncan anasema baba yake hataki kusikia jina letu, Bochaberi hamsalimii babake, naye Ogoti anashangaa amekosea wapi. Nimewaza kumficha mtoto mmoja wa mbwa kwenye kikapu chini ya ndizi nimpeleke Ogembo mwenyewe, nimwambie Ogoti amepotea. Nifanye hivyo?

Mama Bochaberi, Magwagwa

*

Mama Bochaberi, pole, lakini weka hicho kikapu chini. Ukiiba mbwa utakuwa na vita Magwagwa na Ogembo pia.

Tena nikuambie usilotaka kusikia: kuhusu mbwa, mume wako yuko sawa. Kuzalisha mbwa wa aina hiyo kunagharimu hivyo hivyo: daktari, chanjo, sebule, na kumkatalia mtu unayemheshimu. Asiyeweza kumwambia mchungaji hapana, afuge kuku. Kosa la Ogoti ni kwamba akili yote hiyo aliimalizia kwa mbwa. Na wewe siku ya mahari ulikuwa hapo ukipakua nyama. Uliuliza nini?

Leo mkalishe Bochaberi umuulize yale mume wako aliyouliza Ogembo: atalala wapi, akiugua nani atampeleka hospitali, na kama Duncan ana sauti yoyote katika boma la babake. Akikujibu vizuri na bado anamtaka, nendeni Ogembo wote wawili, bila mbwa. Ogoti aombe msamaha kwa yale ya simu, maana mkwe haambiwi hivyo hata kama ni kweli, kisha aulize maswali yale yale, safari hii kwa ajili ya binti. Mzee akitaka mbwa, ajenge banda kwanza.

Lakini mzee akisema Bochaberi atakaa tu, kama wanavyokaa wengine, maliza chai yako na umshukuru. Mume wako anajua kusema hapana. Mwache aseme.