Maisha ya Chiriku wa Nueces

San Antonio, Texas
Jumamosi, 24 Septemba 1977

Dada yangu Tencha,

Nakusalimu kwa mapenzi yaleyale ya tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, nikitumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji Wenceslao na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu kabla baridi ya Chicago haijaanza kuling'ata tena. Huku sisi hatujambo. Joto bado halijatuachia. Juzi nilipika mapungate, yale majani ya mmea wa miiba, na mayai uani kwa sababu jikoni hakukaliki. Picha za ubatizo wa mjukuu wako zilifika salama. Ana paji la uso la Mama, na nimeziweka mahali ambapo kila anayeingia lazima aulize ni mtoto wa nani.

Sasa niombe radhi kwanza. Mwaka ule wa 1951 uliniambia kwamba tukiandikiana nisimtaje Baba, nami nimelishika agizo hilo miaka ishirini na sita. Mtu asiyetujua akizisoma barua zetu zote atadhani sisi ni yatima. Leo nitamtaja. Nakusihi usiikunje barua hapa. Soma mpaka chini, kisha uamue unalotaka kuamua.

Kazi yangu unaijua. Kila Ijumaa gazeti letu linatoa safu yangu, "Waliotuimbia", ambayo ni maisha ya wasanii wetu waliokwisha kufa: wapiga kodiani, wachekeshaji wa mahema ya maonyesho, wachora mabango, watangazaji wa redio wa enzi zile. Jamaa zao huniletea picha kwenye makopo ya biskuti, nami nawakaribisha kahawa na kuwaacha waseme. Kwa miaka kumi na mitano nimejiwekea sharti moja tu, kwamba uongo ninaoujua hauingii. Mjane mmoja aliniomba niandike kuwa mumewe mpiga kodiani alikata roho mikononi mwake, na mji mzima unajua alifia Del Rio kwa mwanamke mwingine. Niliandika, "Alifariki Del Rio." Mjane alininunia mwezi mzima, halafu akaniletea tamale, vile vitafunio vya unga wa mahindi, za Krismasi.

Katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika maisha ya Mama. Watu wameniuliza mara nyingi. Wazee wa huku mitaa ya Magharibi ya mji bado wanamwita Chiriku wa Nueces, na huniambia, "Elodia, wewe umemwandika hata yule aliyekuwa akibeba nguzo za hema, mbona mama yako bado?" Nikawa nasema zamu yake inakuja. Mwaka huu maktaba ya mtaa wetu imeandaa maonyesho ya mahema ya zamani, na mkutubi akaja mwenyewe ofisini kunitaka niandike habari za Mama, zitoke gazetini siku mbili kabla ya kufungua. Nikakosa pa kujificha.

Tulipotangaza kuomba kumbukumbu, akaja mjane mmoja kutoka Kingsville na kitu alichokifunga kwenye foronya. Tencha, ilikuwa ni ile sahani ya santuri ambayo Mama na Baba walirekodi hotelini mwaka 1936. Wewe ulikuwa na miaka saba, labda unakumbuka safari yenyewe. Mimi nilikuwa nikinyonya. Yetu ilivunjika zamani, na nilidhani hakuna nyingine duniani. Mjane huyu alikuwa ameificha miaka arobaini chini ya shuka zake za harusi.

Jumapili asubuhi nikaipeleka kwa Baba pamoja na gramafoni ya kuazima. Bi Tules alikuwepo, yule aliyekuwa akiruka kwenye bembea za juu hemani. Sasa ana miaka sabini na tisa na anatembea kwa fimbo mbili, lakini ulimi haujapata hata mkwaruzo. Baba naye ana sabini na nane. Macho yamefifia, kofia bado anaivaa upande.

Upande wa kwanza Mama anaimba. Sitakueleza sauti ile, utaisikia mwenyewe ukitaka. Nilimtazama Baba nikitegemea machozi. Alikunja uso, akainua kidole, akasema, "Huyo ni Fermín kwenye gitaa. Sikia, anachelewa kuingia. Alikuwa anawakodolea macho wasichana wa kupokea simu hotelini."

Upande wa pili ni mchezo wao wa chumvi. Mama anamfokea mumewe, "Mume gani wewe, nakutuma chumvi unarudi na gitaa?" Na Baba, kabla ile sauti yake ya ujana haijatoka kwenye sahani, akajibu palepale kitini, "Duka la chumvi limefungwa, mke wangu." Mama akauliza, "Na la gitaa?" Baba akasema, "La gitaa halina mlango." Wakaendelea hivyo mpaka mwisho, yeye na marehemu mkewe, hakukosea hata neno moja. Kuna mahali Mama anaangua kicheko kisichokuwemo mchezoni. Baba akasema, "Hapo hakutakiwa kucheka. Nilimfinya."

Bi Tules akamkata, "Mwongo mkubwa. Cuca mkeo mwenyewe aliniambia. Suruali yako ilipasuka nyuma, ukarekodi ukiwa umeushika mpasuko kwa mkono."

"Tules, mimi ni mjane. Niheshimu."

"Nakuheshimu ndiyo maana nimesema suruali. Sikusema kilichoonekana."

Baada ya hapo Baba akanisimulia, nami nikawa naandika. Mengine sikuyajua, na sidhani kama wewe unayajua. Mama alikuwa na miaka kumi na saba, mchuma pamba wa Banquete, alipojipenyeza chini ya turubai kutazama onyesho bila tikiti. Mwimbaji wa siku ile alipokaukiwa na sauti katikati ya wimbo, yeye akaumalizia kutoka miongoni mwa watu, akiwa bado amepiga magoti kwenye vumbi. Baba akamwendea kumfukuza kwa kukosa tikiti, akarudi naye jukwaani. Mama hakujua kusoma. Alijifunza kwa mabango ya maonyesho, na neno la kwanza aliloweza kuliandika lilikuwa "Leo". Baadaye akawafundisha wanawake wote wa hema kuandika majina yao. Na mwaka 1931, watu wetu walipokuwa wakipakiwa kwenye treni kufukuzwa nchini hadi ng'ambo ya mpaka, Mama alikwenda stesheni siku tatu mfululizo akamwimbia kila mmoja wimbo aliouomba mpaka treni ikatoweka. Baba anasema siku ya tatu alirudi hana sauti kabisa, akamwandikia kwenye karatasi, "Leo siwezi."

Tukafika mwisho wa habari. Bi Tules alikwisha kwenda kanisani. Baba akaniambia, "Sasa andika: alifariki tarehe kumi na nane Agosti 1951 mjini Alice, mumewe akiwa jukwaani Robstown. Watu wanajua hivyo, liandike hivyo."

Kalamu ikanigomea, Tencha. Nimewazika kwa kalamu ile watu zaidi ya mia sita, na siku ile haikuweza kuandika mstari mmoja.

Sasa nakuambia ambalo nilipaswa kukuambia mlangoni pale Alice. Unakumbuka wewe ndiye uliyekuwa kitandani kwa Mama, mimi na Baba tukiwa Robstown na hema kwa sababu ya msimu wa pamba. Telegramu uliyoituma, "Mama anazidiwa, anamwita Baba, njooni leo," haikufika mikononi mwa Baba. Ililetwa saa sita mchana, yeye akiwa anakaza kamba za hema. Niliipokea mimi. Nikaisoma nyuma ya pazia la jukwaa, nikaikunja, nikaiingiza kwenye mkono wa gauni.

Gauni lilikuwa la Mama, lile la rangi ya komamanga. Jioni ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuimba mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeingoja siku hiyo maisha yangu yote. Nikajiambia kwamba Mama amekwisha kuzidiwa mara mbili na mara mbili akainuka. Nikajiambia kwamba Alice ni mwendo wa saa moja tu na basi la asubuhi lipo. Nikajiambia hata kwamba atafurahi akisikia nimeimba. Sikuwa nimechanganyikiwa, dada. Nilijua nafanya nini. Nikaimba, na watu wakasimama kunipigia makofi. Mama alifariki makofi hayo yakiwa bado yanapigwa, au muda mfupi baadaye. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyosali.

Alfajiri nikampa Baba telegramu. Aliisoma mara mbili, akatazama saa iliyoandikwa, akanitazama mimi. Tulipanda lori la matikiti lililokuwa linakwenda Alice, na unga mweupe wa jukwaani ulikuwa bado uko nyuma ya masikio yake. Wewe uliuona unga huo. Ulisimama mlangoni ukamwuliza, "Telegramu haikufika?" Akasema, "Ilifika. Mchana." Ukamwuliza, "Sasa?" Akasema, "Hema lilikuwa limejaa." Nami nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake, telegramu imo mfukoni mwake, na nikanyamaza. Ulimwambia kuanzia siku ile huna baba. Nikanyamaza. Miaka yote uliyoniuliza kwa nini niliacha kuimba na hali sauti ninayo, nilikujibu koo langu ni bovu. Sababu ndiyo hiyo.

Jumapili ile nilimwambia Baba kwamba nitaandika ilivyokuwa, gazetini na kwako. Alikasirika, na wewe unajua hakasiriki ovyo. Akasema, "Nafasi hii nimeicheza miaka ishirini na sita na sijakosea hata mstari. Leo unataka kunishusha jukwaani?" Nikamwuliza kwa nini aliichukua. Akaniambia kwamba uso wa mchekeshaji umezoea kurushiwa nyanya, wangu ulikuwa bado mchanga. Akasema, "Ulikuwa mtoto, na mama umempoteza. Ungempoteza na dada, ungebaki na nani? Na mimi na miguu yangu ya bata ya kuchekesha watu?" Nikamwambia basi yeye ndiye aliyempoteza binti. Akajibu kwamba alidhani hasira zako zitakwisha kwa mwaka mmoja, kisha atakuambia kwa utani fulani. Akakuandikia, barua zikarudi. Utani wenyewe hakuupata.

Mwishowe akashika kofia yake akasema, "Kama ni lazima umwandikie, usinifanye mtakatifu. Mwambie ni kweli hema lilikuwa limejaa."

Jumapili tarehe 9 Oktoba maonyesho yatafunguliwa maktabani, na Baba amepewa dakika kumi. Hajapanda jukwaani tangu mwaka 1958. Atacheza mchezo wa chumvi, Mama akimjibu kutoka kwenye sahani. Mahali sauti ya Baba ya ujana inapotoka, mkutubi atapunguza gramafoni, na yeye ataingia na hii ya uzee. Anafanya mazoezi kila asubuhi baada ya kahawa. Mwanzo alikuwa akimwahi Mama, sasa amejifunza tena kumngoja. Bi Tules huketi akimsahihisha na kumwambia kwamba Cuca amebaki kijana na ana subira mno kucheza na mzee kama yeye. Hucheka wote wawili, na mimi humsikia Mama akicheka nao pale kwenye mpasuko wa suruali. Sijaona nyumba ile ikiwa na furaha hivyo tangu uondoke.

Maisha ya Mama nimekwisha kumkabidhi mhariri. Yatatoka Ijumaa tarehe 7, na nimemwomba asibadili mwisho wake. Sikutaka ulisome gazetini kabla hujalisikia kwangu, kwa hiyo nakunakilia hapa: "Refugio Oyervides, Chiriku wa Nueces, alifariki Alice tarehe 18 Agosti 1951, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa, Hortensia, ambaye hakumwacha hata saa moja. Mumewe hakujua. Telegramu ya kumwita ilipokelewa na kufichwa na binti yake mdogo, ambaye ndiye mwandishi wa safu hii."

Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana umesoma mengi kwa siku moja. Ninachoomba ni kwamba hasira uliyompa yeye, unirudishie mimi mwenyewe, na yeye umpe kile alichokikosa. Jumamosi tarehe 8 nitakwenda stesheni kupokea treni ya Chicago, hata kama hujanijibu. Ukishuka ukanipiga kofi, nitakubebea mizigo. Ukishuka usiseme neno, nitakubebea mizigo. Baba sijamwambia kitu, asije akakaa dirishani wiki mbili na macho yale.

Nisalimie sana shemeji Wenceslao, umwambie sijasahau viazi alivyoniunguzia siku ya harusi yenu. Wabusu watoto, na mjukuu wetu umfunike vizuri, upepo wa huko si wa kuchezea. Bi Tules anakusalimu na anasema bado una deni la kumtembelea. Mungu akulinde njiani, kama njia ipo.

Mimi mdogo wako, niliyechelewa lakini nimesema,

Elodia