Kitabu Kilichofungiwa Stoo

Chumba cha uani,
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua ulipokuja mwezi uliopita kiwe kimekuachia. Huku kwetu hatujambo. Magoti ya mama ni yale yale, leo yanapanda ngazi, kesho yanagoma, lakini mdomo wake hauna maradhi kabisa. Mwanao Chiriku naye hajambo kwa mwili. Kile kiatu kipya cha chuma kimemkaa vizuri na hakimchubui tena. Mengine yake nitakueleza mbele.

Ningekupigia simu, lakini unatujua. Tukisemezana kwa simu, mmoja hukata kabla mwenzake hajamaliza. Kwa hiyo kaa, dada, usome mpaka mwisho, hata ukikasirika. Mimi mwenyewe naandika nikiwa nimekasirika.

Unajua nafanya mafunzo kwa vitendo pale maktaba kuu, kitengo cha watoto. Nilipokuambia ulicheka, ukasema nimesoma miaka yote ile ili nikapange vitabu vya picha. Basi nikueleze kazi yenyewe. Chuo kilinipa jukumu la kuangalia ni watoto gani wamo ndani ya vitabu vyetu, na ni watoto gani hawamo. Nilikaa kwenye zulia, nikapekua rafu moja baada ya nyingine. Karibu wote waliomo wana baba na mama, nyumba yenye bustani, macho mazima na miguu mizima. Kipofu akitokea, ametokea ili aponywe. Mwenye mkongojo akitokea, ametokea ili aonewe huruma, na ukurasa wa mwisho anautupa mkongojo na watu wanapiga makofi. Nikiinua macho, naona watoto waliokaa mbele yangu: yupo anayelelewa na babu yake, yupo mwenye kifaa sikioni, yupo Chiriku wetu na chuma chake mguuni. Hakuna hata mmoja aliyemo humo vitabuni kama alivyo. Nilichukia, dada. Ni kama kualikwa nyumba ya watu ukakuta viti vyote vina majina ya wengine.

Ndipo yakaja maboksi ya vitabu vipya kutoka kwa wafadhili. Nilivifungua kama mtu afunguaye zawadi yake mwenyewe. Kimojawapo kilikuwa cha msichana anayeangua mapera ya jirani kwa mkongojo wake. Anayaficha kwenye sketi, anasingizia upepo, anakamatwa, anafagizwa uwanja mzima huku amenuna. Basi. Haponi, na hakuna anayemlilia. Anabaki na mkongojo wake na ulafi wake.

Jumamosi iliyofuata niliwasomea watoto. Chiriku alicheka mpaka akalala chali kwenye zulia. Tulipotoka kwenda uani, wasichana wenzake walipanga foleni waujaribu mkongojo wake kwenye matawi, naye akawa msimamizi, anawafokea: “Si hivyo! Shika chini, kaza kiwiko!” Dada, huyu ni mtoto ambaye kila akifika mahali huusukuma mkongojo chini ya benchi watu wasiuone. Siku ile aliukodisha kwa masharti. Akakiazima kitabu, akaja nacho nyumbani, na nadhani ulikiona mwenyewe, maana ulikuwa hapa na alilala nacho chini ya mto.

Wiki iliyofuata aliporudisha kitabu ili akiazime tena, aliambiwa hakiazimwi. Kesho yake nikakuta rafu ya vitabu vipya ni tupu. Nikamuuliza mkuu wetu wa kitengo. Watoto wanamwita Bi Vumbi, kwa sababu kila asubuhi hupitisha kidole juu ya rafu, kisha hukinusa. Akasema mzazi mmoja amelalamika. Nikauliza, analalamikia kipi. Akasema, kile cha mapera. Nikauliza, na hivi vingine vyote vimekosa nini? Akanijibu kwamba ukianza kutoa kimoja, kesho watakujia kwa kingine, bora vyote vikae stoo pawe na amani. Stoo yenyewe ni kijichumba chini ya ngazi, kuna mafagio na mapangaboi mabovu. Nikamwambia amani ya namna hiyo ni ya makaburini. Akanikumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi, na mgeni hampangii mwenyeji vyombo.

Nikarudi kwenye rafu zangu nikinung'unika.

Halafu Jumamosi iliyopita wafadhili walikuja kutembelea. Asubuhi na mapema Bi Vumbi mwenyewe alivitoa vitabu stoo, akavifuta kimoja kimoja, akavipanga nyuso zikitazama mlango. Watoto wakagawiwa wavishike wapigwe picha. Kisha akamwita Chiriku mbele ya watu wote, akampa kile cha mapera, na mpiga picha akamwambia, “Inua huo mkongojo kidogo, mwanangu, uonekane.” Chiriku akauinua. Picha ikapigwa. Wageni wakaenda kunywa chai, na mlango ulipofungwa tu, Bi Vumbi akaanza kuvikusanya vitabu mikononi mwa watoto. Chiriku alikuwa ameshaanza kusoma. Alikishikilia. Bi Vumbi akakivuta.

Hapo, dada, damu ilinipanda. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha chai, sikubisha hodi. Nikawaambia wageni kwamba vitabu vyao vinaishi na mafagio chini ya ngazi, vimetolewa leo kwa ajili ya picha, na sasa hivi vinarudishwa, na kama hawaamini waje wanifuate. Mkurugenzi wa maktaba, aliyekuwa akinywa nao chai, alikohoa. Mama mmoja mtu mzima, nadhani ndiye mkuu wao, akaweka kikombe chini akasema anataka kuiona hiyo ngazi. Tukamkuta Bi Vumbi mlangoni pa stoo, vitabu vimemjaa mpaka kidevuni.

Wageni walipoondoka aliniita ofisini. Nilijiandaa kufokewa. Hakufoka. Alisema polepole kwamba kabla ya kumvua nguo mbele ya watu, ningeanza kuuliza kwetu, kwa sababu mzazi aliyepiga simu ni dada yangu.

Ni wewe, dada. Nilimbishia, nikamwambia amekosea mtu. Akanitajia siku, ndiyo siku uliyoondoka hapa. Akaniambia nyuma yako alikuwa akisikia makondakta wakiita abiria. Na akanieleza ulivyosema: mwanangu si wa maonyesho, msimsomee mambo ya vilema mbele za watu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sijazaa, sitajifanya naujua. Nakumbuka ulivyokuwa ukimpeleka hospitali umemfunika shuka hata kwenye jua kali. Nakumbuka yule mwanamke aliyemhamisha mtoto wake kwenye benchi ili asikae karibu na wako, na wewe ukajifanya hukuona. Ulitaka kumkinga, hilo naliamini. Lakini tazama ulichokifanya! Wakati anacheka na wenzake hakuwa maonyesho. Alikuwa mtoto anayesikiliza hadithi ya mwizi wa mapera. Simu yako ndiyo iliyompa Bi Vumbi sababu ya kufungia vitabu, na kwa kuwa vilifungiwa, vikageuka pambo la wageni, na mwanao akawa pambo pamoja navyo. Mbona hukuniuliza? Mbona hukumuuliza yeye mwenyewe? Ulilala naye kitanda kimoja usiku ule, kitabu kikiwa chini ya mto, ukashindwa kumwambia akufungulie ukurasa mmoja?

Sasa na mimi niseme langu, maana sikuja na mikono safi. Nilifika nyumbani siku ile nikiwa nanguruma. Nilimkuta mama jikoni nikamwaga yote: Bi Vumbi, wageni, na wewe. Hasa wewe. Mama alinikonyeza, akanikonyeza tena, nikadhani ni moshi. Chiriku alikuwa nyuma ya mlango anavua kiatu chake. Alisikia kila neno, kwa sauti yangu, sauti hii mnayoisema kila siku kwamba haina kifuniko.

Hakulia. Alikula kimya, yeye ambaye hula akihutubia. Tulipokuwa tunatoa vyombo ndipo akauliza, “Mama hakipendi kitabu, au haupendi mguu wangu?”

Mama yetu akageukia ukutani. Mimi nikasema nakwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Nimemwomba radhi kwa kelele zangu. Akasema si kitu. Tangu siku ile anaongea kidogo, kwa adabu, kama mgeni, na mkongojo umerudi chini ya benchi.

Kwa upande wa maktaba, mkurugenzi ameamuru vitabu virudi kwenye rafu, na vimerudi. Mimi nimehamishiwa ghorofa ya chini, kwenye magazeti, mpaka muda wangu uishe, na sijutii. Kimebaki kimoja tu kwenye mtoto wa meza ya Bi Vumbi. Anasema hicho kina malalamiko, hakitoki mpaka aliyelalamika ayaondoe kwa kinywa chake. Nimeshabishana naye mara tatu. Kwa hilo tu, ana haki.

Kwa hiyo, dada, si mimi ninayekungoja. Lile swali la Chiriku sikulijibu, nimekuachia wewe, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa la hasira, na sijui kama ni la kweli. Wewe ndiye unayelijua. Mpigie mwanao kwanza. Maktaba baadaye.

Mama anakusalimu, anasema ufunge kifua na usitoke na nywele mbichi. Wasalimie wenzako wa kazini. Chiriku nimemuuliza kama ana salamu. Amesema atakupa mwenyewe ukipiga.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Kidomo