Kidole Gumba cha Mwajuma

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kihonda tu wazima, babu yako anapalilia mahindi.

Unauliza kwa nini mwalimu wako wa kumbukumbu za wagonjwa anakataa msimbo, ile namba ya ugonjwa kwenye faili, wa "jeraha la mkono" tu.

Kiwanda cha nguo cha hapa kilipouzwa, jirani yetu Mwajuma alipunguzwa kazi, akawa fundi cherehani. Siku moja alikuja kwenye zahanati nilikokuwa muuguzi, amekatwa na bati. Jeraha lilikuwa dogo. Nikamwambia akunje vidole. Kidole gumba kikagoma.

"Dada, mkasi nitaushikaje?"

Nikamwandikia barua ya rufaa ya kwenda hospitali: kano la kukunja kidole gumba, mkono wa kulia, limekatika. Daktari wa hospitalini alisoma, akaliunga kano badala ya kushona ngozi tu.

Andika ili asiyeuona mkono auone. Gauni la harusi ya mama yako alilishona Mwajuma.

Bibi yako