Damu Inayongoja Julai

Elias mwanangu,

Nina miaka themanini na moja. Ndui ilinipita, njaa ilinipita, na mamba wa mto Simiyu alinishika mguu akauachia mwenyewe. Ila kinyaa kama cha juzi sijawahi kukiona.

Huku Magu mpunga umekubali. Ng'ombe wangu wamenona kuliko wa kijiji kizima, hata wanaonichukia wanasema.

Dada yako Dorcas alipojifungua hapo Mwanza alitokwa damu nyingi, wakataka ndugu tutoe. Nikakunja mkono wa shati. Nesi akasema, "Babu, umri umepita." Damu yangu hii, eti imezeeka. Ndipo nikakupigia wewe uliye Mabatini, mwendo wa bodaboda tu. Ukanijibu, "Baba, subirini. Wanasema kuanzia Julai mfanyabiashara akitoa damu anapunguziwa kodi. Nikitoa leo nimetoa bure."

Bure, Elias. Dorcas aliyekubeba mgongoni.

Nilitema mate pale pale wodini, nesi akanigombeza.

Aliyetoa ni Opiyo, muuza dagaa aliyekuja kumwona mkewe kitanda cha jirani. Hakuuliza hata sisi ni nani. Dorcas yu hai, na mtoto tumemwita Opiyo. Wasukuma wenzangu wanashangaa jina la Kijaluo, waache washangae.

Nasikia unataka kuja na mbuzi kumpongeza dada yako. Usije. Mtunze huyo mbuzi, labda naye Julai ana punguzo lake.

Na usikane. Simu yangu hupiga kelele, wodi nzima ilikusikia. Muulize yule nesi aliyenigombeza, Dorotea. Muulize Opiyo, alikuwa amekunja mkono wa shati tayari.

Baba yako,
Lugiko