Mawe Niliyoyasugua

Mwenzio leo nimeumbuka. Usicheke kwanza.

Yule mama mtafiti wa mito, bosi wangu mpya, aliacha beseni la mawe maabara. Mawe yote yana utando kama wa buibui. Mimi na kiherehere changu nikachukua brashi, nikayasugua kwenye ndoo mpaka yakang'aa. NIKAYAPANGA DIRISHANI YAKAUKE!

Akaingia, akayatazama. "Nyavu za wadudu wangu ziko wapi?"

Nikamjibu kifua mbele, "Nimeshatoa uchafu wote, mama."

Uchafu wote, mama!! Kwa mdomo wangu huu huu!

Kumbe kuna mabuu wa mtoni wanaofuma nyavu kwenye mawe, maji yakipita zinawanasia chakula. Wiki tatu alikuwa anawachunguza. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukapiga magoti, tukachakura ndoo nzima. Tumempata mmoja tu aliye hai. Tukamrudisha kwenye beseni, pale pampu inapozungusha maji.

Sasa hivi ameanza kufuma upya, hana habari na mtu. Bosi kamtazama weee, kisha akanigeukia: "Angalau humu ndani kuna mmoja anayeijua kazi yake."