Siga Nilizozianika

Jumatano. Mawingu yamefunga tangu alfajiri na mvua hainyeshi. Nimekuja Lindi kuulizia kazi, sijapata, basi nimeingia kwenye duka la intaneti niandike kabla sijapasuka.

Nilikuwa nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya wageni kule Kilwa Masoko. Wiki iliyopita, nikitandika kitanda cha mzee mmoja wa Kizungu, niliona boksi lake la mbao liko wazi. Ndani mlikuwa na siga, zile sigara nene za kahawia, na kando yake kisponji kibichi. Nikazishika. Zilikuwa na unyevunyevu.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku. Baba yangu, pale Kitomanga, amenilea kwa neno moja: tumbaku yenye maji ni chakula cha ukungu. Nikamhurumia mgeni wa watu. Nikazianika zote barazani, nikawa nazigeuzageuza juani hadi saa tisa, kama nilivyofundishwa.

Zilipasuka zote.

Meneja aliponitajia bei ya moja nilidhani ananitania. Nikamuuliza kuna nini humo. "Asiyejua maana haambiwi maana," akanijibu. Mgeni mwenyewe hakufoka. Alinieleza taratibu, meneja akitafsiri huku amenuna: jani hulazwa miaka, huchaguliwa moja moja lisiwe na tundu, husokotwa kwa mkono na fundi aliyejifunza tangu ujana, kisha hutunzwa na unyevu wake mpaka siku ya kuvutwa. Ndiyo maana ni ghali.

Nilichukia, nakiri. Baba naye huchagua jani moja moja. Naye husokota kwa mkono, na vidole vyake vimekuwa vyeusi, havitakati hata kwa jivu. Msokoto wake sokoni haununui kipande cha sabuni. Tuliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu auze apendavyo. Baba ameuza apendavyo na shati ni lilelile.

Aliposikia nilichofanya alikuja na basi, kavaa kanzu ya Idi, na msokoto wake bora kaufunga kwenye gazeti, amwombe mgeni radhi. Meneja, mtoto wa juzi, hakumpa hata shikamoo. Aliupokea getini, akasema ataufikisha. Baba akaondoka ameridhika.

Jioni niliukuta kwenye pipa la taka la jikoni. Kesho yake nikapewa barua ya kuachishwa kazi.

Nyumbani nimesema niko likizo. Baba akaniuliza, "Mwanangu, mgeni aliupenda?" Nikamwambia aliupenda sana.

Siga nilizianika kwa kutojua. Hili nililisema nikijua.

Leo asubuhi nimemwacha uani, kwenye mkeka, anachagua majani mapana yasiyo na tundu. Anamwandalia mgeni mzigo wa pili, nirudi nao kazini Jumamosi.

Nitaupeleka wapi?