Kuhema Kabla ya Kuzama

Mjukuu wangu Alinda, marahaba. Mama yako amenipigia leo akasema mnashindana kupiga mbizi huko Mwanza, na kwamba wewe unahema harakaharaka kwanza ili udumu chini. Huku Isingiro ng'ombe mwekundu amezaa. Bibi yako hatulii tangu asikie habari zako.

Anasema unauliza kwa nini kuhema hivyo kunasaidia. Ujanani tulifunika rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa majani ya mgomba, ichachuke kwenye mtumbwi wa mti wa kutengenezea pombe. Nikaingiza kichwa chini ya majani nisikilize kama inachemka. Nilivuta pumzi vizuri, lakini kifua kikaenda mbio. Kaka yangu akanivuta shati.

"We, pombe haijaiva, umeshalewa?"

Baadaye mwalimu alinieleza: rubisi inatoa kaboni dayoksaidi, ileile tunayoitoa tukipumua. Ikizidi kwenye damu, ubongo unakulazimisha uheme. Hausubiri oksijeni iishe.

Ukihema sana kabla ya kuzama, unaipunguza mno kaboni dayoksaidi hiyo. Oksijeni itaisha nawe hujasikia haja ya kupumua, uzimie majini.

Jumamosi asubuhi napanda basi kuja huko. Usizame kabla sijafika.

Babu yako